Kumpeleka mama kliniki Muhimbili: tulale Mbezi Beach au katikati ya jiji?

Mlandege

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba ushauri wa watu wanaoijua Dar es Salaam kwa kuishi ndani yake, kwa sababu mimi naijua kwa kupita tu, na mara ya mwisho kulala huko ilikuwa kabla ya stendi ya mabasi kuhamishwa kutoka Ubungo.

Katikati ya mwezi wa nne nitamsindikiza mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, kutoka Iringa kwenda kliniki ya moyo Muhimbili. Ameandikiwa kufika siku mbili, Jumanne na Alhamisi, zote saa moja na nusu asubuhi. Mdogo wangu wa kiume ataongozana nasi, naye ana shughuli yake ya kununua bidhaa za duka Kariakoo, ambayo anasema itamchukua siku mbili nyingine, Jumatano na Ijumaa. Tutafika Jumapili jioni kwa basi na kuondoka Jumapili inayofuata, yaani tunahitaji vyumba viwili kwa usiku saba.

Nimepata hoteli mbili. Ya kwanza iko Mbezi Beach, ina bustani nzuri na kifungua kinywa, na vyumba viwili ni shilingi 110,000 kwa usiku. Ya pili iko Upanga, haina bustani wala mandhari ya kusimulia, na vyumba viwili ni shilingi 140,000. Moyo wangu unaegemea Mbezi Beach, kwanza kwa sababu ya bei, pili kwa sababu mama hajawahi kukaa karibu na bahari, na tatu kwa sababu basi letu linaishia Mbezi, hivyo tutashuka na kufika hotelini bila kuhangaika na foleni za mjini.

Lipo pia jambo la kifamilia. Mama mdogo anaishi Chamazi, na ameshaanza kulalamika kwamba tunataka kulala hotelini kama watu wasio na ndugu, ilhali nyumba yake ni ya vyumba viwili na ana watoto wanne. Ninyi mngefanyaje?

Dereva wa Goba

Ndugu Mlandege, kabla hatujafika kwenye bei, naomba nikuzuie hapo kwenye sababu yako ya tatu, kwa maana ndiyo inayowaponza wageni wengi ninaowabeba. Mbezi ni mbili. Basi lako litaishia Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021, na kituo hicho kiko Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, upande wa baharini. Kutoka moja kwenda nyingine ni lazima uikate nchi kavu kwa njia ya Goba hadi Tangi Bovu, au ushuke mpaka Ubungo, upite Mwenge, kisha upande tena kuelekea Tegeta. Si umbali wa kutembea na begi kichwani, wala si safari ya bodaboda kwa mama wa miaka 68 mwenye matatizo ya moyo.

Mwaka jana nilimpakia mzee mmoja hapo stendi pamoja na mkewe na magunia mawili ya viazi. Nilipomuuliza wanakwenda wapi, akanijibu kwa uhakika kabisa, "Hapa hapa Mbezi, kijana, wala usiniongezee nauli." Alinionyesha jina la hoteli kwenye simu, nikaona ni Mbezi Beach, chini kabisa karibu na Afrikana. Tulipofika Goba alinyamaza, tulipotokea Tangi Bovu akaniambia, "Kumbe hukunidanganya." Nilimpunguzia kidogo, lakini alilipa nauli ambayo hakuwa ameipangia.

Kwa hiyo siku ya kufika mtakuwa na safari ya ziada popote mtakapolala. Tofauti ni kwamba kutoka Mbezi Luis kwenda Upanga Jumapili jioni ni Barabara ya Morogoro moja kwa moja, njia nane mpaka Kimara, na siku hiyo watu wengi wako majumbani mwao.

Mama Wawili

Pole kwa kuuguza, mwanangu, na Mungu amjalie mama afya. Mimi nimemuuguza baba yangu miaka miwili katika mji huu huu, nikitokea Singida, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyesimama kwenye viti vile vya kusubiria.

Kwanza kabisa chukua ile karatasi ya rufaa uisome tena kwa miwani, kwa sababu neno "Muhimbili" peke yake halitoshi. Ipo Muhimbili ya Upanga, ambayo ndiyo watu wote wanaifahamu, na ipo Mloganzila, ambayo nayo ni Muhimbili lakini iko nje kabisa ya jiji, upande wa Kibamba, kiasi kwamba basi lenu kutoka Iringa litaipita kabla hata ya kufika stendi. Halafu kwa kuwa umesema moyo, ujue kwamba Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwa taasisi inayojitegemea tangu 2015. Makao yake yako ndani ya eneo la Muhimbili ya Upanga, lakini inayo pia hospitali ya Dar Group, ambayo iko Tazara. Hapo unaona kwamba sehemu tatu tofauti zinaweza kuandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa mmoja, na kila moja inabadilisha kabisa jibu la wapi mlale. Kama ni Mloganzila, basi ushauri wa kulala katikati ya jiji ni upuuzi. Mngetafuta nyumba ya wageni Kibamba au Mbezi Luis na kukaa huko huko.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Safari ya kwanza na baba tulilala Upanga kwa wiki nzima, tukijipongeza kwamba tuko jirani na hospitali, na asubuhi ya kliniki nikagundua mapokezi kwamba karatasi yetu ilisema Mloganzila. Hakuna aliyetukosea, karatasi ilikuwa mkononi mwangu tangu Singida na sikuisoma mstari wa mwisho. Tulifika huko saa sita mchana, baba akiwa hajala tangu usiku kwa sababu ya kipimo cha damu.

Jambo la pili ni hilo la kula. Hoteli ikikuambia ina kifungua kinywa, uliza kinaanza saa ngapi. Hoteli nyingi huanza kupanga meza saa moja asubuhi, na saa moja asubuhi ninyi mnatakiwa muwe mmekwisha kufika kwenye foleni ya kuandikisha. Kwa hiyo kifungua kinywa cha Mbezi Beach mtakilipia siku saba, na zile siku mbili muhimu hamtakionja. Afadhali hoteli ambayo mpokezi atakubali kukujazia chupa ya chai ya maji moto usiku, ili mama akimaliza kutolewa damu apate uji wake hapo hapo kwenye benchi.

Mlandege

Nashukuru sana, mama. Nimeisoma karatasi upya na kumpigia simu daktari wetu wa hapa Iringa: ni Upanga, katika taasisi hiyo ya moyo, siku zote mbili. Na kaka Dereva, nakiri kwamba nilidhani Mbezi ni moja. Nilikuwa nimeangalia ramani kwenye simu, nikaona jina, nikaridhika.

Hata hivyo bado naiona tofauti ya shilingi 30,000 kwa usiku kuwa ni kubwa kwa mtu wa kipato changu. Kwa usiku saba ni shilingi 210,000.

Mhasibu wa Tabata

Tofauti hiyo ni kubwa ukiitazama peke yake, kwa hiyo tuiweke pembeni ya gharama nyingine. Kutoka Mbezi Beach hadi Muhimbili kwa teksi ya kuitwa kwa simu, asubuhi wakati kila mtu anaitafuta, weka shilingi 20,000 na ushee, na kurudi vivyo hivyo. Mimi ningetenga 45,000 kwa siku ili nisishangae. Kliniki ni siku mbili, hiyo ni 90,000. Mdogo wako naye ana siku mbili za Kariakoo, na ingawa asubuhi anaweza kwenda kwa daladala, jioni atakuwa na mizigo ambayo hataweza kuipandisha kwenye daladala, kwa hiyo mwekee naye 90,000. Jumla ni 180,000. Kati ya zile 210,000 mlizodhani mmeziokoa kwa kulala pembezoni, zinabaki 30,000 kwa wiki nzima, na mkitoka mara moja tu kwenda popote pengine zimekwisha. Kwa upande wa fedha, basi, hoteli zako mbili zinalingana, na huna sababu ya kuchagua kwa bei.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho huwezi kukirudisha, nacho ni saa. Barabara ya Bagamoyo asubuhi inabeba watu wa Tegeta, Bunju, Boko, Mbezi Beach na Kawe, wote wakielekea upande mmoja, na ujenzi wa njia ya mwendokasi kuelekea Tegeta umeibana zaidi. Utakwama Lugalo, utakwama Mwenge, utakwama Makumbusho na Morocco, na katika kila makutano kuna askari wa usalama barabarani ambaye anaweza kuvuta upande mmoja robo saa nzima huku ninyi mmesimama. Kwa kliniki ya saa moja na nusu ni lazima muwe barabarani saa kumi na moja alfajiri, maana yake mama aamke saa kumi. Ukilala Upanga, mnaamka saa kumi na mbili, mnachukua bajaji, na kama bajaji haipo mnakwenda taratibu kwa miguu.

Ninaongeza neno moja kuhusu mwezi wa nne, kwa sababu wengi wanaotoa ushauri wa hoteli husahau kuuliza msafiri anakuja lini. Hiyo ni masika. Mvua ikinyesha usiku kucha, Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa kati ya Magomeni na Fire, na mabasi ya mwendokasi husimama. Siku hiyo watu wote wa Kimara, Ubungo, Manzese na Magomeni hujaribu kuingia mjini kwa njia zilizobaki, ikiwemo ya Salender, ambayo ndiyo hiyo hiyo mtakayoitegemea ninyi mkitoka Mbezi Beach. Kwa hiyo hata ule ushauri ambao nina hakika mtu atakuja kuutoa, kwamba mlale Sinza au Magomeni kama njia ya kati, mimi siuungi mkono kwa mwezi huo. Magomeni ni karibu sana na Muhimbili kwa macho, lakini kati yenu na hospitali kuna bonde, na bonde likijaa maji, ukaribu huo hauwasaidii kitu. Kariakoo, Upanga na Posta ziko ng'ambo ya pili ya bonde, upande wa hospitali.

Kama mama anachoka na mabasi, mnaweza pia kushuka Morogoro na kumalizia kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024 na inawafikisha katikati ya jiji. Ila kituo cha treni Morogoro hakiko jirani na stendi ya Msamvu, mtahitaji usafiri wa kuhama, tiketi mkate mapema, na kila mmoja awe na kitambulisho. Kwa mizigo michache ningefanya hivyo. Kwa mizigo mingi ningebaki kwenye basi.

Mvuvi wa Kunduchi

Naona hapa kila mtu anawavuta kwenda mjini, kwa hiyo acha mimi niitetee pwani ya kaskazini, ninakoishi na ninakopokea wageni wangu mwaka mzima.

Hesabu za Mhasibu ni sahihi kwa siku za kliniki, lakini mgonjwa hawi kliniki siku saba. Mama akishatoka kwenye vipimo Alhamisi, anachohitaji ni usingizi, hewa na mahali pa kukaa nje bila kupishana na pikipiki. Vyumba vingi vya katikati ya jiji vina dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, kiyoyozi kinanguruma usiku kucha, na ukikizima unaoga jasho, kwa sababu joto la Dar es Salaam si baridi ya Iringa. Huyo mama yenu amezoea kulala na blanketi mbili. Huku kwetu upepo wa bahari ukianza jioni, feni inatosha. Tena anayekuja na gari lake huku anapata maegesho ndani ya geti, wakati mjini atazunguka mtaa hadi mtaa na kulipa ushuru wa maegesho kila siku.

Nakubali kwamba kwa saa moja na nusu asubuhi huku ni mbali. Lakini msiseme kama vile anayelala pembezoni ni mtu asiyejua hesabu. Wageni wangu wanaokuja kupumzika, au wanaokuja harusini Tegeta na Bunju, nikiwapeleka Posta nitakuwa nawatesa bure.

Mhasibu wa Tabata

Ndugu Mvuvi, sijapinga hilo. Anayekuja kupumzika sitampeleka Upanga.

Mzee wa Gerezani

Nimesoma maelezo yenu yote na nimefurahi kuona vijana wanaandika kwa utaratibu. Nitaongeza mawili, na la pili ndilo lililonifanya nishike simu.

La kwanza ni kwamba mnazungumza juu ya "katikati ya jiji" kana kwamba ni mahali pamoja, wakati anayelala Kariakoo, anayelala Kisutu na anayelala Upanga wamelala katika miji mitatu tofauti. Kariakoo ni soko, na soko halilali. Kontena linafunguliwa saa saba za usiku, vijana wanapokezana mabelo huku wakiimba, guta zinapita na vyuma vikigonga lami, na alfajiri kabla hujashika usingizi wa pili, msikiti unaadhini na wauza chai wameshaanza kugonganisha vikombe. Mimi nimezaliwa kwenye kelele hizo na nikienda shamba Mkuranga ukimya unanikosesha usingizi, lakini mgonjwa wa moyo usimlaze huko hata kwa bure. Kisutu na Posta ni kinyume chake: mchana pamejaa watu wa ofisi, usiku na Jumapili pamekufa kabisa, na ukitaka ugali na mboga za majani zisizojaa mafuta utatembea mpaka miguu iume. Upanga ni mahali pa watu kuishi. Kuna miti, kuna maduka madogo, kuna akina mama wanaopika karibu na hospitali kwa ajili ya watu wanaouguza, na shida yake kubwa ni kunguru, ambao wataamka kabla yenu na kugombana juu ya bati mpaka jua litoke. Kwa hiyo ile hoteli yako isiyo na bustani ni nzuri kuliko unavyoidhani.

Ila uliza habari ya ngazi. Miaka michache iliyopita niliwapokea wakwe zangu kutoka Lindi, nikawalipia hoteli nzuri ya ghorofa nyingi, jina lake nalihifadhi, na chumba chao kilikuwa ghorofa ya sita. Siku ya pili umeme ukakatika. Jenereta ikawaka, taa zikawaka, televisheni ikawaka, lifti haikuwaka. Nilimkuta mkwe wangu, mama wa heshima zake, ameketi kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kanga ameitandika chini, na kijana wa hoteli amesimama pembeni na sinia ya chai ambayo hakujua aipeleke juu au airudishe chini. Tangu siku hiyo nauliza mambo mawili: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na jenereta inaendesha lifti au haiendeshi. Ukisikia mpokezi anasitasita, jua jibu.

Na kuhusu bahari, usimpeleke mama Mbezi Beach kwa ajili ya bahari. Hoteli nyingi za huko zimeazima tu hilo neno "Beach" kutoka kwenye jina la mtaa. Ukifika unaonyeshwa barabara ya vumbi na kuambiwa bahari iko kule. Kutoka Upanga, bajaji itawafikisha ufukweni upande wa Aga Khan kwa dakika chache. Tena jua likishapoa mnaweza kuvuka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kilomita moja juu ya maji, mkatokea Oysterbay na kula mihogo ya kukaanga Coco Beach. Mwambie dereva apite taratibu ili mama aione bahari kulia na kushoto.

La pili ni la mama mdogo wa Chamazi, ambalo wenzangu wote wamelipita kama hawakulisoma. Mwanangu, hilo si dogo. Kwa watu wa rika la mama yako, dada kuja mjini akalala hotelini wakati nyumba ya mdogo wake ipo ni jambo litakalosimuliwa kwenye vikao vya ukoo miaka kumi baadaye, na sababu za foleni hazitasimuliwa pamoja nalo. Lakini ni kweli pia kwamba kutoka Chamazi, upite Mbagala na Barabara ya Kilwa yote, kwa kliniki ya asubuhi, ni kumtesa mgonjwa. Kwa hiyo usimpigie simu mama mdogo kumwambia kwamba mmepata hoteli. Mpigie kumwambia kwamba daktari anamtaka mama awe karibu na hospitali mpaka Ijumaa, na kwamba kuanzia Ijumaa jioni mnakuja kwake kulala. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi mlale Chamazi, ninyi vijana hata kama ni kwenye mkeka sebuleni. Mchukulie na kitu mkononi, unga wa Iringa au viazi, usiende mikono mitupu. Utaona malalamiko yanakwisha, na utakuwa umepunguza usiku mbili katika bili ya hoteli bila kutaja fedha mbele ya mtu yeyote.

Dereva wa Goba

Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo tu juu ya hilo: kama mtalala Chamazi Jumamosi, basi Jumapili alfajiri mna safari ya kutoka upande wa kusini hadi Mbezi Luis kukamata basi. Muage usiku, na dereva mkubaliane naye tangu Jumamosi mchana. Alfajiri ya Jumapili barabara ni nyeupe, lakini kumtafuta dereva saa tisa za usiku Chamazi kwa kubonyeza simu si jambo la kulitegemea. Mizigo ya mdogo wako ya Kariakoo msiibebe kwenda nayo Chamazi. Ofisi za mizigo za mabasi ya Iringa zitaipokea Ijumaa na kuipakia.

Mama Wawili

Mzee amemaliza. Mimi nasisitiza tu kwamba dawa nyingine hutakiwa kukaa kwenye baridi, kwa hiyo uliza pia kama chumbani kuna jokofu, au kama jikoni watakuwekea.

Mlandege

Wazee wangu na ndugu zangu, nimewasikia, na leo mchana nimefanya kazi mliyonituma. Mama mdogo nimempigia kwa maneno yale yale ya Mzee wa Gerezani. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mama bado anakula samaki wabichi au siku hizi amekatazwa, nikajua tumeshakaribishwa. Tutakuwa Chamazi kuanzia Ijumaa jioni. Basi tumelichukua lile la moja kwa moja, kwa sababu mdogo wangu anakuja na gunia mbili za mahindi ya shangazi yake wa Ubungo na hakuna namna ya kuhama nayo pale Morogoro.

Kisha nikapiga simu Upanga. Nimeweka vyumba viwili kwa usiku tano, na kwa usiku tano jumla ni shilingi 700,000 badala ya zile 770,000 ambazo ningelipa Mbezi Beach kwa usiku saba. Nimemuuliza mpokezi habari ya jokofu, akasema dawa atazihifadhi jikoni. Nikamuuliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kama umeme ukikatika jenereta yao inaendesha lifti. Dada yule akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio, kisha akaniambia, "Kaka, sisi ni nyumba ya chini. Ngazi tuliyo nayo ni moja tu, ya kuingilia mlangoni."